Niachieni Chuma Changu

Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, hawezi kuniona natoka mlangoni na fremu yangu ya chuma ya kutembelea bila ya kuja mbio kunikamata kwapa. "Fundi, una vijana wanne, unahangaika na chuma cha nini?" Mimi hucheka, nikamshukuru, kisha nikamwomba aniachie kabla hatujaanguka sote wawili. Mtu aliyepooza upande mmoja ukimvuta kwapa unampandisha bega, mguu wake mzima unapoteza ardhi, na hapo ndipo anapokwenda chini. Ukitaka kumsaidia mpe mkono wako, akushike yeye. Lakini silo lililonikalisha kuandika leo. Lililonikalisha ni hilo neno lake, "una vijana".

Nilipata kiharusi miaka minne iliyopita, upande wa kushoto. Useremala wangu ukaishia hapo, maana randa haitaki mkono mmoja. Mkono umerudi nusu: unashika, haubebi. Nilipotoka hospitali nilipewa fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne, na mjukuu wangu akaipa jina la Punda siku ileile. Miezi ya mwanzo Punda alikaa pembeni kafunikwa kanga. Mimi nilikuwa nabebwa. Wanangu wawili walinishusha ngazi asubuhi na kunipandisha magharibi, kama kabati.

Sitasema walinisimbulia. Hawajawahi. Ila mtu anayebebwa hujifunza hila zake mwenyewe. Nilijifunza kutokunywa maji, ili nisiwe na haja ya kushushwa. Kikombe kimoja cha chai kutwa nzima, katikati ya joto la kaskazi. Siku moja, saa nne asubuhi, vijana wote wako kazini, haja ikanishika. Nyumbani yupo mkwe wangu tu, mke wa mwanangu mkubwa. Mtoto wa watu alikuja akasimama mlangoni, kajitanda, macho chini. "Baba, nikusaidie?" Nikamwambia hapana, mimi mzima. Sikuwa mzima. Yaliyofuata hayana haja ya kuandikwa. Alifua shuka lile na hajalitaja mpaka leo, na wiki nzima hatukuweza kutazamana.

Siku ya pili yake nikamwambia mjukuu anivulie Punda ile kanga.

Tuna neno letu, sitara. Watu wanalijua kwenye mavazi na mapazia, na kwenye namna nyumba zetu zilivyojengwa ili wa nje asione ndani. Kwangu mimi sitara ni fremu yenye miguu minne na kiti cha mbao chenye tundu. Anayeniambia kwamba vitu hivi ni uzungu, kwamba mzee wa Kiswahili anahudumiwa na watoto wake, namheshimu, lakini hajawahi kushushwa chooni na mkwewe. Kuhudumiwa nahudumiwa: napikiwa, nafuliwa, napelekwa kwenye mazoezi. Chooni nakwenda mwenyewe.

Sasa, kwenda mwenyewe kwenye nyumba yetu si jambo jepesi. Tunakaa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya mawe na chokaa. Aliyewahi kufanya kazi ndani ya nyumba hizi anajua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba: dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, mita mbili na nusu, tatu, basi. Wengi wanaulalamikia wembamba huo. Mimi umeniokoa mara nyingi, maana popote ninapoyumba ukuta uko karibu. Tabu yangu ni ngazi. Chini mbele tumekodisha duka, nyuma ni jikoni na choo, na kulala ni juu.

Mwanangu alinunua kishikio cha chuma akakifunga ukutani kwa skurubu, nami nimekaa namtazama. Nilimwambia hakitashika. Ukuta wa chokaa si zege. Skurubu inasaga chokaa mpaka iwe unga, na siku utakayoegemea uzito wako wote inatoka na plagi yake. Kilidumu siku tatu. Bahati nzuri aliyekiegemea ni yeye.

Tukachukua kamba ya makumbi, nene kama kidole gumba, tukaifunga juu kwenye boriti na chini kwenye mwimo wa mlango, ikavutwa mpaka ikakaza. Nailoni inateleza mkono ukiwa na jasho au maji ya udhu. Kamba ya makumbi inakwaruza kidogo, na kukwaruza huko ndiko kunakokushika. Na ziwe mbili, kila upande moja. Hili watu hawalifikirii: mwenye mkono mmoja wa kutegemea akipanda kamba iko kuliani, akishuka iko kushoto kwake, upande uliokufa. Ngazi ina kwenda na kurudi. Nikaagiza na mafundo, moja pale ngazi inapopinda, mawili karibu na mwisho, ili mkono ujue tulipo hata taa ikizimika. Mguu mzima hupanda kwanza, mbovu hushuka kwanza. Chini ya ngazi ananisubiri Punda wa pili, wa mtumba.

Kiti cha chooni nilikichora mwenyewe, akakikata kijana niliyemfundisha kazi: mvule, sentimita 50 kwenda juu, mikono miwili ya kuegemea, kinasimama juu ya choo cha kuchuchumaa. Kiti kifupi kwa mtu kama mimi ni shimo. Unakaa vizuri, kunyanyuka ndiyo kesi.

Mpwa wangu aliyeko Uingereza alitaka kuniletea kile kiti cha umeme kinachopanda ngazi juu ya reli. Nilikipenda, sitadanganya. Kisha nikakumbuka Mei 2008, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Na Disemba 2009 tena, mpaka Machi 2010, miezi mitatu tunapigana na majenereta na kuchota maji kwa ndoo. Waya mpya umekuja 2013 na mambo ni afadhali, lakini hata leo tukisahau kununua umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, mita inakata saa yoyote inayotaka. Kubaki katikati ya ngazi saa nane za usiku nikisubiri mtu atie token? Beit el Ajaib, jumba la sultani la 1883 hapa hapa Mji Mkongwe, linasifiwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Nalo upande mmoja uliporomoka Disemba 2020. Nikamwambia mpwa wangu alete raba.

Raba, ndiyo. Zile soli za miguu ya fremu. Hakuna aliyeniambia kwamba zinakwisha. Yangu moja ilitoboka, chuma kikatokeza, na sakafu ya choo ikiwa na maji chuma kile kilikimbia kama samaki. Nilianguka nikapasuka nyusi. Sasa kila Ijumaa nazigeuza na kuzipapasa kwa kidole, na zikikwisha kabla mpwa hajaleta, fundi wa katambuga ananikatia za tairi. Zinadumu kuliko za dukani. Na urefu pia: niliyopewa ilikuwa juu mno, nikatembea miezi mabega yakiwa masikioni, mpaka daktari wa mazoezi aliponiambia nisimame, mikono ining'inie, na vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono. Ilikuwa kazi ya kubonyeza vifungo vinne.

Kizingiti cha mlango wa mbele kina sentimita 30. Vijana walitaka kujenga mteremko wa saruji. Kipimo kinachofaa ni kimoja kwa kumi na mbili, yaani mita 3.6, na uchochoro wetu una mita mbili. Tungeishia sebuleni kwa jirani. Tukatengeneza daraja moja pana la mbao la kukanyagia, kimo chake nusu ya kile kizingiti, ambalo Punda anasimama na miguu yake yote minne. Linaondoka, vespa zipite. Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006 na ni jambo jema, lakini uchochoro haukupanuka.

Nategemea chuma, nakiri. Juzi mjukuu alimchukua Punda kumchezea farasi chumba cha pili, akasahau, akaenda skuli. Nilikaa kitandani mpaka adhuhuri nikitazama mlango. Niliudhika, halafu nikacheka, maana zamani ningekaa hivyo kila siku.

Usiku nashuka mara moja, mara mbili. Fundo la kwanza, ngazi inapinda. Mafundo mawili, nimefika. Mkwe wangu analala chumba kilicho juu ya jikoni, na usingizi wake ni mwepesi. Mwanangu ananiambia Punda wa chini akianza ko, ko, ko kwenye sakafu, mkewe hufumbua macho, husikiliza mpaka mlango wa choo ufungwe, kisha hugeukia ukutani akalala.