Kuhamisha ofisi Posta sio dawa ya foleni

Kila foleni ikikaza Dar utasikia mtu anasema ofisi kubwa zitoke Posta, yaani katikati ya jiji, kila mtu apate kazi karibu na kwake, jam itaisha. Na ukikaa kwenye gari pale kituo cha Fire saa moja na nusu asubuhi hujasogea ni rahisi kumkubalia.

Na hoja anazo kweli. Posta imebanwa na bahari upande mmoja, kwahiyo wote tunaingilia upande ule ule, asubuhi magari yanaingia yamejaa yanarudi matupu, jioni kinyume chake. Barabara za katikati zilichorwa kabla ya maghorofa ya leo, parking ni kugombania, kodi ya ofisi iko juu. Ndio maana makampuni mengi yameshatoka, yako Victoria, Mikocheni, Masaki na Oysterbay.

Ila hebu tuangalie wafanyakazi wanafikaje kazini. Posta ndio sehemu pekee Dar ambapo karibu kila njia inaishia. Mwendokasi ya Kimara, yale mabasi makubwa yenye barabara yao, inaishia Kivukoni, pantoni ya Kigamboni inashusha hapo hapo, stesheni ya treni ipo, na daladala za pande nyingi zinafika Posta, Mnazi Mmoja au Kariakoo pembeni tu. Mtu wa Kigamboni mwenye ofisi Kivukoni anashuka kwenye pantoni anatembea kwa miguu. Ihamishe hiyo ofisi iende Masaki, mtu huyo huyo atashuka feri, atatafuta gari nyingine, halafu bodaboda ya kuingia ndani kwenye mtaa, na jioni arudie yote. Unakuta dada wa usafi au mlinzi, mshahara ni ule ule, nauli imepanda mara mbili, na hakuna aliyemuuliza. Anayeamua ofisi ihame mara nyingi ana gari lake, kwake yeye Masaki ni karibu na nyumbani tu.

Halafu kuna hili la "karibu na kwake". Kwa nani? Ofisi ya watu 300 ina watu wa Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto, Kibamba, ukiisogeza kaskazini umemsaidia wa Tegeta umemuumiza wa Mbagala. Mke anafanya kazi huku mume kule, hakuna sehemu moja itakayokuwa karibu kwa wote.

Hesabu ninayoirudia kila siku ni hii. Basi refu la Mwendokasi linabeba watu kama 150. Hao hao wakija kila mtu na gari lake ni magari 150, ukiyapanga yamebanana, kila moja mita 6 tu, hiyo ni foleni ya mita 900 kwa abiria wa basi moja! Na yakifika yanataka pa kulala mchana kutwa. Kwahiyo Posta haijajazwa na ofisi, imejazwa na magari ya mtu mmoja mmoja, na ofisi ikihamia sehemu isiyo na usafiri wa maana hata aliyekuwa anapanda basi atatafuta gari kwa mkopo. Foleni inabaki, imehama mtaa tu.

Najua mtu atasema Mwendokasi yenyewe ndio hii? Ni kweli, yalianza mabasi 140 Mei 2016, mengi yakaharibika, barabara ya bonde la Jangwani ikijaa maji huduma inasimama, na jioni pale kituo cha Gerezani watu wanasukumana mlangoni mpaka huruma. Na kwenye daladala shida ni hiyo hiyo, mtu anageuza nalo, anapanda likiwa linaelekea kituo cha mwisho na kulipa nauli mara mbili ili tu apate siti ya kurudia. Ila hayo yanatibika kwa kuongeza mabasi na kuinua barabara pale Jangwani. Ofisi zikishatawanyika kwenye mitaa 40, hakuna basi kubwa litakaloweza kuzifuata zote.

Kwahiyo mimi nasema ofisi yenye watu wengi na wateja wengi ibaki Posta, hasa kwa kuwa wizara zimeenda Dodoma na nafasi ipo. Kampuni ikiwa ni lazima ihame, iende Morocco au Ubungo, ambako kuna kituo cha Mwendokasi mtu anashuka na kuingia kazini, na kabla ya kusaini pango wakae na wafanyakazi wa chini wapige nao hesabu ya nauli ya mwezi mzima.