Anayenunua breki siye anayeanguka

Siku nafundishwa pikipiki, kwenye uwanja wa shule Mbagala, kaka aliyenifundisha alinipa onyo moja tu: "Breki ya mbele achana nayo, itakurusha." Nimeendesha bodaboda miaka minne nikiitii amri hiyo. Breki kwangu ilikuwa ya mguu. Ile ya mkono niliishika nikiwa nimesimama kwenye mlima, basi.

Wala hakunidanganya. Ukipiga breki uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Lakini likifunga, yaani likiacha kuzunguka na kuanza kuteleza, hasa kwenye maji, usukani unakufa na uko chini kabla hujaita "mama". Ndiyo maana vijana wengi wa kijiweni wanategemea la nyuma, breki iliyo dhaifu, na abiria yuko mgongoni. Pita Barabara ya Mandela mvua ya kwanza ikinyesha, mafuta ya malori ya bandarini yameelea juu ya lami: la nyuma linafunga, mkia unakwenda pembeni, abiria anapiga kelele. Hapo ndipo nilipokula mzinga, nikaanguka. Goti hunikumbusha kila masika.

Siku hizi kuna bwana mmoja wa Kariakoo mwenye pikipiki kubwa, zaidi ya kilo 200, na mimi ndiye ninayempelekea gereji. Mara ya kwanza kuiwasha niliona taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia breki isifunge tairi, inawaka, nikampigia simu kumwambia imeharibika. Alicheka sana. Kumbe taa ile huzimika ukishaanza kutembea, maana sensa haziwezi kusoma gurudumu lililosimama. Wiki hiyohiyo, kwenye kipande cha lami iliyolowa huko Kigamboni, nikaamua kutenda ile dhambi ya Mbagala. Mwendo wa 50, nikaibana breki ya mbele yote. Mkononi nikasikia mtetemo, kama simu inayoita bila mlio: ile ABS inaachia na kubana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kila inapoona tairi linataka kufunga. Pikipiki ikasimama imenyooka. Nilibaki juu ya kiti pale, injini inaunguruma, nikiifikiria ile miaka minne.

Haina miujiza, lakini. Tukiwa Lushoto, nikishuka kutoka Mlalo kwenye vumbi na kokoto, breki ya nyuma ilikuwa inaachia tu, inaachia, na kona inakuja. Kwenye kokoto tairi linatakiwa lijichimbie kidogo ndipo lishike, na mashine hailijui hilo. Kulikuwa na kitufe cha kuizima ABS ya nyuma, nimekisahau. Wapo wanaong'oa fyuzi kabisa na kurudi hivyo hadi mjini, na hao siwaelewi. Kuhusu ile teknolojia nyingine ya kuzuia tairi la nyuma lisizunguke bure ukivuta mafuta, kwa injini ya cc 125 hainishughulishi. Nguvu ya kulizungusha hivyo iko wapi?

Kinachonikera ni nani anaipata. BMW waliweka ABS kwenye pikipiki mwaka 1988, mtambo wa kilo 11 hivi. Leo iko ya chini ya kilo moja. Ulaya, tangu 2016 modeli mpya ya zaidi ya cc 125 haipiti bila ABS. India nao, kuanzia Aprili 2019, pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 lazima iwe nayo, na zile ndogo walau ziwe na breki zilizounganishwa, ukikanyaga moja na nyingine inashika. Sasa nenda kijiweni uangalie. Pikipiki zetu nyingi zinatoka hukohuko India, na cc 150 nyingi tu mbele zina breki ya shuu inayovutwa na waya. Bwana wa Kariakoo anayekwenda Bagamoyo Jumapili kunywa madafu ana ABS. Anayeshinda barabarani tangu alfajiri hana.

Watu husema ni bei, na ni kweli, inadai diski na mfumo wa mafuta ya breki. Ila India wanauza zenye ABS ya tairi la mbele peke yake, ambayo ni nafuu, na TBS, shirika letu la viwango, wangeweza kuidai kwa zinazoingia. Wasipodai, nani atainunua kwa hiari? Pikipiki nyingi za biashara ni za bosi. Bosi ananunua, kijana anapeleka hesabu, pesa ya bosi ya siku, kila jioni. Anayechagua breki si yule goti lake litakalokaa kwenye lami.

Mwezi uliopita nilimwachia kijana mmoja wa kijiwe cha Temeke ajaribu ile kubwa (bwana mwenyewe asisome hapa). Akabana breki mara tatu, akarudi anacheka peke yake, akainama kuangalia ule mduara wenye matundu kwenye gurudumu.

"Kaka, hii hesabu yake kwa siku bei gani?"

Nikamwambia haina hesabu. Akanipa ufunguo, akapakia abiria, akaondoka. Kwenye tuta la kwanza nikamwona anakanyaga breki ya mguu, vidole vyote vya mkono wa kulia vimekumbatia eksileta.