Aya huitwa ugomvi ukishaanza

Aprili 2013 mji wa Tunduma, ukiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijawa mkoa, ulitikisika kwa sababu ya nyama ya bucha. Swali lilikuwa moja: nani ashike kisu machinjioni? Miezi miwili nyuma, kule Buseresere mkoani Geita, swali hilo hilo lilikuwa limegharimu uhai wa mchungaji. Tangu hapo watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini wamebaki na jibu jepesi, kwamba dini ya wenzetu ina maandiko ya kumwaga damu. Mkristo anataja sura ya tisa ya Qur'ani. Mwislamu anafungua 1 Samweli 15, pale Sauli anapoagizwa kuwaua Waamaleki, mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Asiyeshika dini yoyote anasema vyote viwili ni moto mmoja.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ukweli huo utawekwa mezani hapa chini bila kupunguzwa. Lakini linaiweka aya mwanzoni mwa ugomvi, wakati mara nyingi aya huja katikati, imeitwa kutoa ushahidi.

Tuanze na nyama yenyewe. Qur'ani 5:5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwa Waislamu, na chakula cha Waislamu ni halali kwao. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:25, anawaambia Wakristo wale chochote kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri. Ukizisoma aya hizi mbili peke yake, mgogoro wa Tunduma hauna pa kusimama. Vitabu vilikuwa vimeshaumaliza karne nyingi kabla bucha la kwanza halijafunguliwa pale mpakani.

Basi ulitoka wapi? Upande wa Waislamu, wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na fiqhi ya Shafii, yaani sheria za dini kwa madhehebu hayo, imeweka sharti juu ya aya ile: Mkristo asiye wa uzao wa Israeli huhesabiwa kuwa mtu wa Kitabu ikiwa tu inajulikana kwamba mababu zake waliingia dini hiyo kabla haijafutwa kwa kuja Uislamu. Kwa kipimo hicho, Mkristo wa Mbozi ambaye ukoo wake ulibatizwa baada ya Wamoraviani kufika Rungwe mwaka 1891 akichinja, Mwislamu hali. Sharti hilo limetoka kwa wanazuoni wa madhehebu moja, wala halimo katika aya. Upande wa Wakristo, wahubiri waliruka mstari wa 25 wakatua kwenye wa 28, unaosema mtu akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, usile. Wakahoji kwamba kumwelekeza mnyama Kibla na kutamka jina la Mwenyezi Mungu ni kutoa sadaka. Mstari wa 29, unaofafanua kwamba dhamiri inayozungumzwa ni ya yule mwingine, si ya mlaji, haukusikika sana kwenye vipaza sauti.

Ukiondoa aya zote mezani, ugomvi hauondoki. Kinabaki kisu kinachokata koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo. Anabaki afisa mifugo anayekagua ng'ombe kabla na baada ya kuchinjwa na kugonga muhuri. Na inabaki desturi ya tangu ukoloni kwamba machinjio ya umma huwa na mchinjaji Mwislamu ili wote wanunue bucha moja. Mkristo anayeuliza kwa nini huduma ya halmashauri ifuate taratibu za dini moja anauliza swali la uraia. Mwislamu anayeogopa kwamba siku desturi ikivunjwa hatajua tena anakula nini anauliza swali la mlo wa watoto wake. Maswali hayo mawili ni halali na yanajibika kwa bucha kuweka bango, kwa ratiba ya machinjio, kwa kikao cha diwani. Yalipokosa kikao, yalitafuta aya.

Anayetaka kuona aya inavyogeuzwa silaha asimame kwenye mhadhara wa wazi wa Waislamu, au kwenye mkutano wa injili ulioitishwa kujibu mhadhara. Kuna meza, kuna vipaza sauti, kuna Biblia na Qur'ani zimepangwa. Mzungumzaji hasomi mwenyewe. Ana msomaji pembeni. "Soma!" Msomaji anasoma. "Endelea!" Anaendelea. "Simama hapo hapo!" Anasimama, na umati unapiga takbiri au unaitikia haleluya. Katika zoezi zima, neno la hatari ni hilo la kusimama.

Soma Qur'ani 9:5: waueni washirikina popote mnapowakuta. Simama hapo. Hatujafika hata mwisho wa aya, ambao unasema wakitubu, wakasimamisha Sala na kutoa Zaka, waachieni njia yao. Aya ya 4, iliyotangulia, imeshawatoa waliofunga mkataba na Waislamu wasiuvunje. Aya ya 6, inayofuata, inaamuru mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kisha soma Luka 19:27: adui zangu wale wasiotaka niwatawale, waleteni hapa mkawachinje mbele yangu. Simama hapo. Msikilizaji anaondoka akiamini Yesu ametoa amri, wakati mstari wa 11 umeshasema huu ni mfano, na anayesema ni mfalme aliye ndani ya mfano huo. Mkristo wa Iringa anayeumizwa na Luka iliyokatwa ndiye huyo huyo anayeituma 9:5 iliyokatwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya.

Mpinzani makini atasema wapiganaji wa jihadi wenye elimu wanaijua vizuri aya ya 6. Ni kweli, na hapa ndipo mjadala unapata uzito. Wao hutumia kanuni ya nasikhi, kwamba aya iliyoshuka baadaye hufuta hukumu ya iliyotangulia. Ibn Salama, mwanazuoni aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, anatajwa kwa kuhesabu kwamba Aya ya Upanga, yaani hiyo 9:5, peke yake imefuta aya 124, zikiwamo zile za subira na msamaha. Ukiikubali hesabu hiyo, Qur'ani ya amani inabaki maandishi ya kusoma tu, hukumu yake imekwisha.

Lakini fuata hesabu inavyoendelea. Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, alizipitia aya zote zinazodaiwa kufutwa katika Qur'ani nzima, kwa aya yoyote ile, akabakiza 20 hivi. Aya za subira alisema hazikufutwa. Zina wakati wake, na hali ikirudi nazo zinarudi. Shah Waliullah wa Delhi, aliyefariki mwaka 1762, akazipitia hizo za Suyuti akabakiza 5. Kutoka 124 zilizofutwa na aya moja, hadi 5 katika kitabu kizima. Katika karne hizo zote hakuna herufi ya Qur'ani iliyoongezwa wala kupunguzwa. Anayesema kitabu ndicho kinachoamuru atuambie ni kitabu kipi kilichobadilika kati ya 124 na 5. Kilichobadilika ni msomaji: alisoma na nani, alikuwa na dola ya namna gani mgongoni, na alikuwa akitafuta nini.

Ukristo nao una hesabu yake. Augustino wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, mwanzoni aliamini hakuna wa kulazimishwa kurudi kanisani. Katika barua ya mwaka 408 anakiri kwamba amebadili mawazo, baada ya kuona sheria za Kaisari zilivyowarudisha Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga na kanisa, wa miji mingi. Ndipo ule mstari wa Luka 14:23, wa mwenye karamu anayemwambia mtumwa "uwashurutishe kuingia", ukapata kazi ambayo haukuwa nayo. Dola ilifanikiwa kwanza, tafsiri ikafuata nyuma yake.

Tena watu huuana bila aya yoyote. Mwaka 1905 Wangoni, Wapangwa na wengine wa kusini waliingia vita vya Majimaji kwa imani ya maji ya Kinjikitile Ngwale, imani isiyokuwa na kitabu hata kimoja. Wajerumani waliowajibu walikuwa na Biblia, lakini walipochoma maghala na mashamba hawakufanya hivyo kwa mstari wa Biblia, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mwaka 1994 kanisa la Nyange nchini Rwanda liliangushwa kwa tingatinga likiwa na watu ndani, na mahakama iliyokaa Arusha ikamfunga padri wake maisha. Waliouawa na waliowaua walikuwa wakisoma Biblia moja.

Sasa upande wa pili, na una nguvu. Mwaka 2007 Brad Bushman na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi karibu 500 wa vyuo viwili: Brigham Young cha Marekani, ambako karibu wote waliamini Mungu na Biblia, na Vrije Universiteit cha Amsterdam, ambako walioiamini Biblia walikuwa kama robo tu. Wote walisomeshwa kisa cha mwisho wa Waamuzi, cha suria wa Mlawi na vita vilivyofuata. Baadhi waliambiwa kimetoka kwenye Biblia, wengine kwenye gombo la kale. Nusu yao waliongezewa sentensi inayoonyesha Mungu akiamuru kisasi. Kisha walicheza mchezo ambao mshindi humpigia mwenzake kelele masikioni, kwa ukali anaouchagua mwenyewe, hadi desibeli 105. Waliosoma kwamba Mungu ameamuru walichagua kelele kali zaidi mara nyingi zaidi, na waumini kuliko wasioamini, ingawa wasioamini nao waliguswa.

Matokeo hayo hayapaswi kupuuzwa. Yanamaanisha kwamba neno "Mungu ameamuru" lina uzito wake hata kwa mtu asiye na ugomvi na yeyote. Hata hivyo angalia kilicholeta tofauti. Kisa kilikuwa kimoja kwa wote, na ndani yake mna ubakaji na mauaji. Ukali uliongezeka pale kilipopewa jina la Biblia na sentensi ya idhini, na watafiti ndio waliochagua kipande, wakaweka sentensi, wakasimamisha hapo. Walifanya, kwa nia njema ya elimu, kile kile anachofanya yule mwenye kipaza sauti. Mwaka 2009 Jeremy Ginges na wenzake walionyesha jambo linaloendana na hili: kwa Wapalestina waliowahoji, kuunga mkono mashambulizi ya kujitoa mhanga kuliendana na kuhudhuria msikitini mara nyingi, wala hakukuendana na wingi wa sala. Mkusanyiko ndio uliokuwa na uhusiano na jambo hilo. Mtu na Mungu wake peke yao hawakuwa nao.

Ushahidi mgumu kuliko yote dhidi ya hoja hii uko nyumbani, na unahusu mstari mmoja mfupi wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version. Kutoka 22:18 inasema usimwache mwanamke mchawi kuishi. Hauna mkataba uliovunjwa kabla yake, wala mfano wa kuueleza. Ulaya ulitajwa katika kesi za wachawi ambazo wanahistoria wanakadiria ziliua watu 40,000 hadi 60,000. Huku kwetu, ambako waganga waitwao lambalamba huingia kijijini na kuwatoa watu hadharani kwa madai ya uchawi, mstari huo unamfikia msikilizaji ambaye tayari ana jina la mtu kichwani. Neno la Kiebrania, mekhashefa, ni la mwanamke anayefanya uganga. Wayahudi walioutafsiri kwa Kigiriki walitumia neno la watu wa dawa na sumu. Kiswahili kikasema mchawi, na mchawi wa Kiswahili ni yule anayekula watoto wa jirani usiku. Msikilizaji hakuongeza chochote; tafsiri imemkabidhi bibi wa nyumba ya tatu akiwa na macho mekundu ya moshi wa kuni. Hapa maandiko yana sehemu yao ya lawama, na mchungaji anayeusoma mstari huu bila kueleza neno hilo anajua, au anapaswa kujua, kinachoweza kutokea Jumatatu.

Bado, tazama msomaji wa mstari huu anaposimama. Wanaonyooshewa kidole huwa mara nyingi kina mama wazee waliofiwa na waume, wenye kipande cha shamba ambacho ndugu wa marehemu wanakitaka. Mistari minne mbele, Kutoka 22:22 inakataza kumtesa mjane yeyote wala yatima. Wa 23 unasema wakimlilia Mungu, atasikia kilio chao. Na wa 24 una upanga ndani yake, ulioelekezwa kwa wale waliomtesa: Mungu anasema hasira yake itawaka, atawaua kwa upanga, na wake zao watakuwa wajane.