Rambirambi za Bampa

Kwa kuwa konda wa basi amekwisha kuisimulia habari hii katika kila stendi kuanzia Uyole hadi Makambako, na kwa kuwa katika simulizi lake mimi nililia kwa kwikwi kisha nikaondoka na fedha za watu, naona ni haki yangu kuieleza mwenyewe kabla haijafika Iringa. Sikulia. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa sababu ya vumbi la mbao, na vumbi hilo lina maelezo yake.

Ninyi mnaonifuata hapa mnajua kwamba ninauza spea za magari za mtumba Mwanjelwa, Mbeya, na mnajua pia jinsi shemeji yangu wa Makambako alivyogongana na lori karibu na Igawa, hivyo sitalirudia hilo. Alihitaji bampa la mbele, sho, yaani ule wavu wa mbele ya gari, na taa zote mbili. Bampa la kwanza, alilotumiwa na muuzaji mwingine likiwa limefungwa kwa gunia na kamba ya manila, lilimfikia limepasuka mdomo, nami nikaapa kwamba langu halitapasuka. Bampa ni plastiki nyembamba iliyo wazi kwa ndani. Usipoujaza uwazi ule, mzigo wowote utakaowekwa juu yake utalikandamiza katikati hadi liachie, na baridi ya nyanda hizi mwezi Julai huifanya plastiki hiyo iwe kavu na rahisi kukatika. Taa nazo mara nyingi haziharibikii kwenye kioo, kama wengi wanavyodhani, bali kwenye masikio, yaani vile vishikizo vyembamba vinavyopokea skrubu. Sikio likikatika, taa hucheza kila gari linaporuka tuta, na dereva humulika miti badala ya barabara.

Kwa hiyo nililijaza bampa sponji za godoro kuukuu, nikaifunga kila taa peke yake kwa nailoni laini inayoonyesha, masikio yake nikayazungushia vitambaa, kisha nikazilaza zote mbili ndani ya tumbo la bampa zikitazama juu. Vyote hivyo nikavifunika kwa shuka jeupe lililofuliwa vizuri, kwa maana solotepu ikigusa rangi hubanduka nayo, na gazeti lenye mchanga huikwaruza. Kilichobaki kilikuwa sanduku gumu.

Fundi seremala niliyemwendea hufanya kazi jirani na hospitali, na mkazi yeyote wa mjini anajua mafundi wa eneo lile hutengeneza nini. Nilimchagua kwa sababu alikuwa na mbao za paina kutoka Mufindi, nyepesi, zilizokwisha kupigwa randa.

"Urefu?" aliniuliza, akiichomoa futi kamba.

"Mita moja na sentimita sabini na tano."

"Pole sana, kaka. Mnene?"

"Wastani tu, ila pembeni pamejikunja."

Aliinamisha kichwa kwa muda, akaanza kazi. Nilipokuja kumweleza kwamba ni bampa, alikwisha kuzikata mbao kwa mazoea ya mkono wake, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, nasi tukakubaliana kwamba upande mpana utabeba sho. Mfuniko nilimtaka aufunge kwa skrubu, si misumari, kwa kuwa pigo la nyundo husafiri kwenye ubao hadi kwenye masikio ya taa. Vishikio vya shaba aliviongeza yeye mwenyewe, akisema kwamba sanduku lenye vishikio hubebwa, na lisilo na vishikio hurushwa. Hoja hiyo ilinishinda. Kijana wake naye akachukua rangi nyeupe na kuandika ubavuni, kama nilivyomwagiza: LAZA POLEPOLE. HUKU NI JUU. Chini ya maneno akachora mshale ulioelekea mbinguni.

Tulilitikisa lile sanduku, halikutoa mlio hata kidogo. Ninasema hivi mjue kwamba kwa upande wa ufungaji sina deni kwa mtu.

Konda alijua fika kilichomo, kwa kuwa alinitoza nauli ya mzigo mkubwa na tukabishana. Waliolibeba hadi kwenye buti hawakuambiwa, nao walilibeba wanne, kwa mwendo wa taratibu ambao mimi niliudhania kuwa ni utii wa maandishi. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa kiti cha pembeni yangu aliuona mwendo ule kupitia dirishani. Tulipoipita Uyole alinigeukia.

"Gwe mwanangu, ni wa nani?"

Mzigo ni "wa" na marehemu ni "wa", na sarufi haikunionea huruma. "Ni wa shemeji yangu, mama," nilijibu.

"Yamempata yapi?"

"Aligongana uso kwa uso na lori."

"Maskini! Aliumia sana?"

Yeye hakuumia, lakini injini ya basi ilikuwa ikinguruma kwenye mlima wa Inyala, nami nilisikia akiuliza kama gari liliumia. "Mbele kote kumekwisha," nilisema. "Taa zote mbili zimetoka."

Akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani nimekutana na mtu mwenye huruma isiyo ya kawaida kwa magari. Tulipofika Igurusi, mzee mmoja wa kanisa alisimama akaomba tuombe, na abiria wote wakasimama, nami nikasimama, kwa sababu mtu hawezi kubaki ameketi watu wakiomba, na safari zote za njia hii zinahitaji maombi. Chimala walipandisha wimbo. Ndiyo, niliimba, tena sauti ya tatu. Hapo konda hakusema uongo. Baada ya Igawa, kofia ilipita viti vyote na kuishia mapajani mwangu ikiwa imejaa noti, na mama akanong'ona kwamba si haba, ni ya sukari tu. Nilikuwa bado ninaitafakari hiyo sukari tulipoingia stendi ya Makambako.

Hapa ninaomba mnisome polepole, maana mimi mwenyewe ninalirudia tukio hili polepole kila ninapofumba macho. Sanduku linashushwa. Abiria ambao safari yao haikuishia pale wanashuka nao, wanaume wakiwa wamevua kofia. Mzee wa kanisa ananishika bega na kuuliza, "Mwili unazikwa leo au kesho?" Ninamtazama, ninaitazama kofia ya fedha mikononi mwangu, ninalitazama sanduku na mshale wake, na viungo vyote vinalegea. Ninakusanya sauti iliyobaki na kusema, "Ndugu zangu, humu ndani hamna mtu."

"Ndivyo, mwanangu," anajibu mama, akinifuta jasho. "Hilo ni gamba tu. Mwenyewe amekwisha kwenda."

Wakati huohuo shemeji anatokea upande wa gereji, anacheka, bisibisi mkononi. "Karibu, shemeji! Limefika zima? Tulifungue hapahapa, maana lile la kwanza lilikuja limepasuka mdomo!"

Umati unarudi nyuma hatua moja. Skrubu ya kwanza inazunguka. Ninamfanyia ishara ya macho, naye anadhani ninamhimiza. Skrubu ya pili. Mwanamume mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba amezunguka nchi nyingi lakini ukatili wa aina hii hajauona. Skrubu ya tatu imekaza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesisitiza zikazwe, na shemeji anaweka goti juu ya mfuniko ili apate nguvu, ndipo mama anapolia kwa sauti. Ya mwisho inaachia. Mfuniko unainuliwa, shuka jeupe linaonekana likiwa limenyooka bila kunjo, shemeji analishika kwa vidole viwili na kulivuta kuelekea kifuani, na taa mbili za mbele, safi, zilizofungwa nailoni, zinawakodolea macho waombolezaji wa Makambako.

Waliokimbia walikimbia. Mtoto mmoja akasema, "Mama, ni bampa."

Mengine ni mafupi. Fedha nilizirudisha zote mbele ya mashahidi, isipokuwa za mama, ambaye alikataa kuzipokea akisema kwamba zimekwisha kuombewa. Mzee wa kanisa alipanda basi bila kuniaga. Bampa halikuwa na mchubuko, masikio ya taa yalikuwa kamili, na gari la shemeji linatembea. Sanduku ndilo limekwama kwake: dada yangu amekataa katakata lisiingie uani, mwenye gereji anasema linamfukuzia wateja, na makonda niliowaomba walirudishe Mbeya wananijibu kwamba lililojaa walilivumilia, lakini tupu hawalipandishi.