Kabla ya Kununua Antivairasi Nyingine

Anayesema kompyuta ya nyumbani haihitaji antivairasi ya kununua huonekana mzembe, kana kwamba anakushauri ulale mlango wazi. Hasemi hivyo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta inakuja na antivairasi kamili ya Microsoft, inayokagua mafaili bila kuombwa. Mac nazo zina XProtect, kinga yao ya ndani, tangu 2009. Kinga basi ipo tayari. Kinachobishaniwa ni kama ya pili inaongeza chochote.

Wanaosema inaongeza si waongo. Baadhi ya programu za kulipia huzuia tovuti za kitapeli katika vivinjari vyote, na kompyuta inayochomekwa flashi za kila mtu inastahili jicho la ziada.

Lakini litazame shambulio la kirusi cha WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilikuja kulitumia. Shambulio lilianza tarehe 12 Mei. Katikati hapo kuna siku 59, na ndizo zinazoniuma. Kirusi kile hakikumngoja mtu abofye kitu. Kilipenya kupitia huduma ya kushirikiana mafaili, kikaruka kutoka kompyuta hii hadi ile, kikifunga mafaili na kudai fidia kwa Bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 ziliathirika, na huko Uingereza hospitali zikafuta miadi ya wagonjwa. Nyingi ya kompyuta hizo zilitumia Windows 7, toleo ambalo wakati huo lilikuwa bado linapewa masasisho. Yeyote aliyekubali kuiwasha upya kompyuta yake ndani ya siku zile 59 ili kiraka kiingie, tundu lile lilizibika kwake bila kulipa senti. Wangapi walibofya "nikumbushe baadaye"?

Tena antivairasi nayo ni programu kama nyingine, ila yenye mamlaka makubwa kuliko karibu zote, na kazi yake ni kufungua kila faili geni. Mwaka 2016 Tavis Ormandy wa Google alifichua kasoro katika bidhaa za Symantec na Norton: ili kompyuta yako itekwe, ilitosha barua pepe yenye faili la hila ikufikie, hata usipoisoma. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast, kampuni ya antivairasi, dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake, watu waliokuwa wameiweka iwalinde.

Na mara nyingi mtumiaji mwenyewe ndiye anayefungua njia. Amepakua programu iliyochakachuliwa, maelekezo yanasema, "Zima antivairasi kwanza." Anazima. Muda si mrefu nywila zote alizohifadhi kwenye kivinjari zimekwenda. Antivairasi ya kulipia nayo ina kitufe hichohicho cha kuzima.

Wanaonipa shida ni waliobaki na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo hamu ya kununua kinga ya ziada naielewa kabisa. Ila antivairasi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Kwao, masasisho ya muda wa nyongeza au kuhamia mfumo mpya vinatangulia, na fedha ikibaki, inunue diski ya nje ya nakala rudufu, ichomolewe kila kunakili kunapokwisha.