Mzigo wote kwenye nodi moja?

Jamani, hii tabia ya kuletewa picha ya rangi rangi kutoka programu ya kompyuta ya kupima uimara wa chuma halafu unaambiwa "bosi, chuma kimepita" imenichosha. Meshi, ule wavu wa vipande vidogo (elementi) ambavyo programu inakigawa chuma, umeikagua? Kimya.

Hapa Shimanzi, Mombasa, kazi nyingi ni vyuma vya kunyanyulia mizigo. Mtu anachora sikio la kuinulia tani 5, yaani bamba lenye tundu la kupitishia pini, anachukua nguvu yote, kama nyutoni 49,000 hivi, anaitundika kwenye nodi moja, yaani nukta moja tu ya kona ya elementi. Kwani pini inagusa chuma kwa nukta? Inalalia upande mmoja wa tundu, basi usambaze mzigo kwenye uso huo! Ukiuacha kwenye nodi, kila ukipunguza ukubwa wa elementi mkazo (nguvu kwa kila eneo) unapanda tu, hauna kikomo. Yeye akiona nyekundu, rangi ya mkazo mkubwa, anaongeza unene wa bamba, na mteja wa watu analipia chuma cha bure.

Na meshi yenyewe, mashallah. Pembeni mwa tundu pembetatu zimechongoka kama miba ya samaki. Programu imeonya kwamba uwiano wa pande (urefu wa elementi kwa upana wake) umezidi, mwenzangu kabofya "sawa" akaendelea. Afadhali Jakobiani (kipimo cha umbo la elementi) ikiwa hasi, yaani elementi imejipindua, hapo programu nyingi zinagoma zenyewe. Hizi mbovu mbovu ndizo zinazopenya.

Mbali na tundu, elementi mbaya mbili tatu sina neno nazo. Lakini pale penye mkazo, punguza ukubwa nusu, piga hesabu tena, linganisha. Kisha jumlisha nguvu za kwenye viegemeo, pale chuma kinaposhikiliwa, uone kama zinalingana na mzigo uliouweka. Ni dakika mbili! Ripoti ina kurasa 30, jumla hiyo haimo.