Kikao cha nidhamu si mahali pa kuanzia mazungumzo

Msimamizi anayesubiri faili la mfanyakazi lijae barua za onyo ndipo amwite wazungumze hajamwongoza. Amekusanya ushahidi tu. Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa ni tabia iliyozoeleka katika ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia majumba marefu ya Upper Hill hadi maghala ya Eneo la Viwanda, na inawapokonya watu riziki ambayo pengine ingeokolewa kwa mazungumzo ya nusu saa.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaeleweka vizuri. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoimudu kazi kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi wake na kuuzingatia. Mwajiri aliyemwachisha mtu kazi isivyo haki anaweza kuamriwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi alipe fidia inayofikia mshahara wa miezi 12. Ni sheria njema, nami nisingependa ilegezwe hata kidogo. Kinachonisikitisha ni kwamba waajiri wengi wameigeuza kuwa mwongozo wa kufuta watu bila kushtakiwa: barua ya kujieleza inatolewa, jibu linapokelewa, kikao kinafanyika, kumbukumbu zinatiwa sahihi, ilhali uamuzi ulikwishafanywa kabla mtu hajaketi.

Sheria inaeleza namna ya kumsikiliza mtu aliyekwisha kufika mlangoni. Haiwezi kumlazimisha meneja amuulize mtu huyo, miezi kadhaa mapema, kwa nini ripoti zake zimeanza kuchelewa.

Kwa nini hamuulizi? Sababu moja ni jinsi tunavyopandisha watu vyeo. Mhasibu hodari kuliko wenzake hufanywa mkuu wa wahasibu, akakabidhiwa watu kumi bila kufundishwa lolote kuhusu watu, kana kwamba ujuzi wa hesabu huzaa wenyewe ujuzi wa kusikiliza. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo inatokana na malezi yetu. Meneja wa miaka 32 anayemsimamia mtu wa rika la baba yake huona kwamba kumkosoa ni utovu wa adabu, kwa hiyo hunyamaza mpaka uvumilivu umwishie, kisha huiachia idara ya rasilimali watu iandike barua. Mimi naona hiyo ndiyo dharau yenyewe. Heshima ni kufunga mlango, kuketi naye na kusema: "Mzee, naona hesabu za mwezi zimechelewa mara mbili mfululizo, kuna jambo linalokutatiza?" Huenda ana mgonjwa nyumbani, huenda mfumo mpya wa kompyuta umemshinda na anaona haya kukiri mbele ya vijana. Mambo hayo hayaandikwi katika fomu ya tathmini ya mwisho wa mwaka.

Wapo pia wanaokosoa watu kwenye kundi la WhatsApp la idara, usiku, wenzao wote wakisoma. Huko si kuongoza, na kampuni inayolivumilia isishangae watu wake wazuri wanapoondoka.

Kipindi cha majaribio, ambacho sheria imekiwekea kikomo cha miezi 6 na kuruhusu kirefushwe kwa muda usiozidi huo mfanyakazi akikubali, kingefaa kuwa shule ya mazungumzo haya kwa pande zote mbili. Nao wakurugenzi wana swali ambalo wanapaswa kumuuliza kila meneja anayewapelekea pendekezo la kumfuta mtu: ulimwambia lini kwa mara ya kwanza, ana kwa ana, na ulimsaidia vipi baada ya hapo? Asipokuwa na jibu, pendekezo lirudishwe mezani kwake.